Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NTSA: simu iingie kwenye mtihani wa udereva

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani,
Nairobi.

Mheshimiwa,

MINT: KUFUNDISHA NA KUTAHINI MATUMIZI YA SIMU BARABARANI

Pokea salamu zetu, walimu wa udereva wa magari na pikipiki hapa Nairobi. Tunakuandikia kuhusu dereva ambaye macho yako barabarani lakini akili iko kwenye simu, na yule ambaye hata macho yenyewe yako mapajani. Ombi letu ni moja, ingawa lina matawi: simu iwe somo kamili katika mafunzo ya udereva, itahiniwe, ipewe alama, na anayeshindwa nayo asipewe leseni. Ndani ya somo hilohilo mwanafunzi afundishwe pia kumtambua dereva mwingine aliyezama kwenye simu, maana kila anayekuja kwetu kujifunza gari atarudi nyumbani kwa matatu na kuvuka Jogoo Road kwa miguu.

Wewe mwenyewe unaijua bodi ya mji, ule ubao wenye mfano mdogo wa barabara unaotumika kwenye mtihani wa udereva. Mwanafunzi anasimama mbele yake, anasogeza kigari, anaeleza anaingia raundabauti kwa leni ipi, anataja alama moja baada ya nyingine. Ni chombo kizuri na hatukidharau. Ila kwenye bodi ile hakuna simu inayolia, hakuna mteja anayeuliza "uko wapi?", wala hakuna matatu iliyosimama steji ikimficha mtoto anayetaka kuvuka. Mtu anafuzu pale, kisha anaanza kazi ndani ya gari lenye simu mbili: moja ya ramani na wateja, nyingine ya M-Pesa na nyumbani.

Sheria ipo. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinamtoza shilingi 2,000 anayetumia simu huku gari likienda. Faini hiyo ina kazi yake, na hatuombi iondolewe. Udhaifu wake ni kwamba afisa anaona mkono tu. Dereva anayeogopa kushikwa haachi simu, anaishusha tu kutoka sikioni hadi mapajani, na macho yanashuka nayo. Simu ikiwa juu ya dashibodi, pembe ya jicho bado inaona taa za breki za gari la mbele. Ikiwa mapajani, haioni chochote kilicho barabarani.

Kuna hesabu ambazo tungependa kila mwanafunzi azijue kwa kichwa kabla ya kushika usukani. Gari la kilomita 50 kwa saa linamaliza kama mita 14 kila sekunde. Dereva makini anayeona mtu mbele hutumia sekunde moja hivi kabla mguu haujafika kwenye breki, hizo ni mita 14, kisha breki inakula mita nyingine 14 kwenye lami kavu. Jumla ni mita 28. Sasa mpe sekunde mbili za kutazama ujumbe ulioingia: anaongeza mita 28 nyingine kabla hata hajajua kuna mtu. Breki nzuri na tairi mpya haziwezi kurudisha mita hizo. Kwa kilomita 80, sekunde tano za kusoma na kujibu "sawa, nakuja" ni mita 111, uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli na kidogo zaidi, umepitwa na mtu asiyetazama.

Wengi wanadhani dawa ni kuongea bila kushika simu. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana hatari ya ajali karibu mara nne zaidi, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi si salama sana kuliko ile inayoshikwa. Mikono iko huru, ila akili imekwenda kwa aliyepiga. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Utah uliotolewa mwaka 2015 kwa ajili ya wakfu wa AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, ulionyesha kwamba mzubao huo unaweza kuendelea hadi sekunde 27 baada ya dereva kumaliza kuiamuru simu kwa sauti. Kwa kilomita 50 kwa saa, sekunde 27 ni zaidi ya mita 370. Kwa hiyo tunapomwambia mwanafunzi asitume ujumbe hata kwenye taa nyekundu, si ukali. Taa ikiwaka kijani, ataingia makutano akili yake ikiwa bado kwenye ule ujumbe.

Hapo ndipo tunafika kwenye foleni, na tutakaa hapo kidogo kwa sababu ndiko Nairobi inakoshinda. Watu wanaamini simu kwenye foleni haina madhara kwa kuwa magari yamesimama. Tazama kwa karibu kinachotokea. Dereva ameinamisha kichwa. Gari la leni ya pembeni linasogea, naye kwa pembe ya jicho anahisi mwendo, anadhani foleni yake imefunguka. Anaachia breki na kukanyaga mafuta kwanza, ndipo anainua macho. Katika ile mita moja na nusu au mita tatu mbele ya bampa anaweza kuwa mchuuzi wa maji akihesabu chenji, au mkokoteni ukikata njia, au bodaboda iliyochomoka kutoka kati ya leni mbili. Mwendo ni mdogo, lakini mguu wa mtu ukinaswa kati ya bampa mbili hauna pa kwenda.

Dalili ya kwanza ya dereva huyo ni pengo. Magari ya mbele yamesogea, yeye hajasogea. Mwendeshaji wa bodaboda akiliona pengo anafurahi na kuingia, na ndipo honi ya nyuma inamwamsha mwenye gari, anaruka mbele kwa pupa ili kuliziba. Kwa hiyo tunawafundisha wa pikipiki: pengo lililo mbele ya gari lililosimama peke yake lichukulie kama mtego. Ama mtu wa miguu amepishwa na anavuka, ama dereva yuko kwenye simu. Punguza, weka vidole viwili juu ya breki ya mbele, tafuta uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni. Ikiwa huuoni uso wake kwenye kioo, naye hawezi kukuona. Piga honi fupi mara mbili ukiwa bado nyuma yake. Ukiipiga ukiwa tayari ubavuni mwake utamshtua, na dereva akishtuka huvuta usukani.

Dalili nyingine zinafundishika kwa siku moja, na tunashangaa kwa nini haziko ukutani kwenye kila shule ya udereva. Gari linakwenda likiteleza polepole kuelekea mstari, kisha linarudishwa ghafla. Mwendo unashuka bila sababu halafu unapanda kwa haraka. Taa za breki zinawaka kwa kuchelewa na kwa nguvu. Indiketa inaendelea kuwaka kilomita nzima. Usiku, kidevu na pua ya dereva vinang'aa mwanga wa buluu unaotoka chini. Ukimwona huyo, usimfuate nyuma na usitembee ubavuni mwake. Rudi nyuma hadi upate sekunde tatu kati yenu: chagua nguzo ya taa, yeye akiipita hesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu". Ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha, iwe sekunde nne au zaidi.

Mkia wa foleni unatutia hofu kuliko sehemu nyingine yoyote. Magari ya Thika Road au Mombasa Road yanatoka kwenye mwendo wa barabara kuu na kukuta ghafla magari yaliyosimama. Anayesimama wa mwisho ndiye anayegongwa na aliyekuwa akisoma ujumbe. Tunaomba jambo hili litahiniwe. Ukiona foleni mbele, anza kupunguza mapema, kanyaga breki kidogokidogo mara tatu ili taa zako zimeremete, washa taa za tahadhari. Simama ukiacha nafasi ya kutosha kuona tairi za nyuma za gari la mbele zikigusa lami. Usitoe gia ya kwanza, tazama kioo cha nyuma mpaka gari la pili limesimama nyuma yako, na uwe umeshaamua utatokea upande gani. Wa pikipiki asisimame katikati ya bampa ya lori hata kidogo. Asimame pembeni, gia ikiwa ndani, gurudumu la mbele likielekea kwenye nafasi.

Sasa watembea kwa miguu, ambao ndio wengi mjini hapa na ndio hawana chuma cha kuwakinga. Ujumbe wa usalama kwa kawaida humwambia mtu wa miguu "tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena". Ni sawa, lakini haumwambii atazame nini. Dereva wetu hukaa kulia, kwa hiyo ukisimama ukingoni kushoto mwa barabara uso wake uko mbali nawe, nyuma ya kioo kinachoakisi anga. Ukiuona, tazama kidevu: kikiwa kimeinama, hajakuona. Usipouona, kwa giza la vioo au kwa jua, hesabu kwamba hajakuona. Kisha shusha macho hadi gurudumu la mbele. Gari linaloanza kusonga huonyesha kwenye gurudumu kabla hujahisi kwingine.

Mtu mzima hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde. Leni moja ya mita 3.5 inamchukua sekunde tatu, na ndani ya sekunde hizo gari la kilomita 50 linakuja mita 42, sawa na magari madogo tisa yaliyopangwa bampa kwa bampa. Leni tatu ni sekunde tisa, na kwa kilomita 80 gari limemaliza mita 200. Ndiyo maana kwenye Thika Road hatumfundishi mtu mbinu ya kuvuka chini. Pale jibu ni daraja la miguu, hata kama ngazi zinachosha na steji iko mbali.

Kwenye zebra ya leni mbili, hatari iko kwenye gari la pili. La kwanza limesimama vizuri na dereva anakupungia mkono upite. Wa leni ya pili ana simu, anaona tu gari lililosimama bila sababu na analipita. Vuka hadi usawa wa ukingo wa gari lililokupisha, simama hapo, chomoza kichwa, hakikisha la pili limesimama, ndipo uendelee. Mkono wa dereva mmoja haukupi ruhusa ya leni zote. Vivyo hivyo ukishuka matatu: usikatize mbele yake, ngoja iondoke ili uone na uonekane. Mtoto mshike kifundo cha mkono na si vidole, maana vidole huchomoka, na awe upande usio wa magari. Ujumbe wa M-Pesa usomwe ukiwa bado kwenye kijia cha miguu, na walau sikio moja liwe wazi.

Kuhusu madereva wa teksi za mtandaoni tunasema kwa upole, kwa sababu simu kwao ni jembe la kazi na huwezi kumwambia mkulima aache jembe nyumbani. Ombi la safari linaingia na sekunde chache za kulikubali, linakuja gari likiwa kwenye mwendo, na anayelikosa anakosa riziki. Kisha mteja anapiga kueleza kwamba yuko kwenye geti la buluu mkabala na kioski. Kosa hilo si la dereva pekee, limepangwa ndani ya programu. Na programu hiyo inajua mwendo wa gari, kwa sababu ndiyo inayolionyesha likitembea kwenye ramani. Tunapendekeza sharti la leseni: gari likizidi kilomita 10 kwa saa kwa sekunde tano mfululizo, ombi jipya lishikiliwe mpaka gari lisimame, simu ya mteja ijibiwe yenyewe kwa ujumbe kwamba dereva yuko njiani, na maelekezo yatoke kwa sauti tu. Tumesema kilomita 10 na si sufuri kwa sababu kati ya majengo marefu ya katikati mwa jiji simu hupotea kidogo na kudhani gari lililosimama linatembea. Kampuni hazitaweza kusema haijulikani kama simu ni ya dereva au ya abiria, kwani akaunti ya dereva ni ya dereva.

Mamlaka yako ina uwezo huo tayari. Kanuni za mwaka 2022 zinazitaka kampuni hizi zipate leseni kwenu, na ndizo zilizoweka kikomo cha asilimia 18 kwenye kamisheni. Kanuni iliyoweza kuingia kwenye programu na kugusa pesa inaweza kuingia na kugusa mlio wa simu. Na abiria naye asaidie: aandike mahali alipo kwa usahihi kabla ya kuita gari, akae papo hapo, akiwa na neno aliandike badala ya kupiga.

Matatu ni rahisi zaidi. Nauli ya simu ilipwe kwa nambari ya kondakta, isiwe ya dereva, ili asilazimike kuthibitisha ujumbe huku akibadilisha gia. Anayepiga kutoka ofisi ya sacco kuuliza gari limefika wapi ampigie kondakta. Dereva na makanga wana lugha yao ya kugonga bodi la gari, na inatosha kabisa kwa kusimama na kuondoka. Televisheni zisielekee upande wa dereva. Mambo haya yaandikwe kwenye masharti ya sacco na yakaguliwe. John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, alipoanza kutekeleza kanuni zake za matatu Februari 2004, vidhibiti mwendo, mikanda na mstari wa manjano viliingia kwenye matatu kwa sababu bila hivyo gari halikuruhusiwa barabarani.

Tumalizie na mtihani wenyewe. Kabla ya kuwasha gari, mtahiniwa achukue simu yake mwenyewe, aweke ramani ya mahali anapokwenda, aiwashe hali ya kuendeshea inayonyamazisha ujumbe na kumjibu anayepiga, kisha aiweke mahali pake. Kama ni kishikilia simu, kiwe chini kabisa ya kioo cha mbele, kisiwe mbele ya mfuko wa hewa, kisizibe njia ya macho, na kifikiwe bila kuegemea. Kama hana kishikilia, simu iingie kwenye kisanduku cha dashibodi. Barabarani, kwenye njia tulivu isiyo na matuta wala watu wengi, mtahini aipige simu hiyo mara moja bila kumwarifu. Gari la shule lina breki ya pili upande wa mwalimu, kwa hiyo hakuna atakayehatarishwa. Anayeiacha ilie apate alama zake. Anayenyoosha mkono au kuitafuta kwa macho ameanguka, arudi kujifunza.

Kisha aonyeshe jinsi ya kusimama ili kupokea simu ya dharura: kioo, indiketa, kuingia kituo cha mafuta au mahali pa kuegesha, handibreki, nyutro, injini kuzimwa, ndipo mkono uguse simu. Anayesimama kwenye bega la barabara kuu ili ajibu amejiweka kwenye mkia wa foleni ya gari moja.

Wanaotafuta leseni za pikipiki, za A2 na A3, waongezewe moja: simu isiingizwe ndani ya helmeti. Inapobanwa kati ya shavu na helmeti, kofia haikai tena kichwani kama inavyopaswa, kidevu kinainama upande mmoja, na sikio lililozibwa ndilo lingesikia honi ya lori.

Kwenye bodi ya mji tunaomba vitu vitatu vidogo, na fundi yeyote wa mbao wa Gikomba anaweza kuvichonga: matatu ya kuweka steji, mtu mzima mmoja, na mtoto mmoja. Mtahini aweke matatu, amfiche mtoto mbele yake, amwambie mtahiniwa asogeze kigari chake kwenye leni ya pili, na amuulize: mtoto atatokea wapi, na mguu wako sasa hivi uko kwenye pedali gani?

Wako katika kazi hii,

Walimu wa udereva wa magari na pikipiki,
Nairobi.